Afande Mwalimu na Shule ya Bahasha

Somo la tano la Kiingereza lilikuwa kwenye upande wa pili wa kaseti ya harusi. Afande Mwalimu alirekodi sauti yake juu ya nyimbo, akasoma imla polepole, kila sentensi mara tatu, na mwisho akasema, "Wekeni kalamu chini." Kabla kalamu hazijafika chini akadakia mwanamke kwa taarabu, katikati ya ubeti, akimsuta mtu tusiyemjua. Hanga zima la askari likacheka. Yeye mwenyewe hakuwepo. Hakuweza kuvumilia kusikia sauti yake ikitoka kwenye redio. Akishabonyeza kitufe alitoka nje na kusimama karibu na tangi la maji mpaka somo liishe.

Kaseti zilikuwa za mkewe, mama wa Kipemba mwenye maneno machache. Siku moja alikuja mpaka kwenye mlango wa ofisi nilimokuwa nikipiga chapa.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Afande wako yuko wapi?"

"Yuko ghalani."

"Basi mwambie ile ya harusi ya dada yangu asiiguse. Hizo nyingine nishamsamehe."

Nilimpelekea ujumbe. Akashika kichwa, maana ile ya harusi ya dada ndiyo ilikuwa somo la tano. Alimwandikia shemeji yake barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, kwa mwandiko wake ule wa kulala kama majani ya mpunga. Jibu lilikuja kutoka Wete baada ya mwezi: shemeji amesamehe, lakini naye anataka hayo masomo. Tangu siku ile, kwenye daftari la wanafunzi wetu, kati ya dereva mmoja na mlinda ghala, likawamo jina la mwanamke ambaye hakuwahi kuvaa buti. Nilimwuliza afande kama kanuni inaruhusu.

"Kanuni inasema masomo ni kwa walio mbali na kikosi," akanijibu. "Yeye yuko mbali na kikosi."

Cheo chake kilikuwa sajinitaji, na kazi yake kwenye makaratasi ilikuwa mshika elimu wa kikosi chetu, kambi ndogo nje kidogo ya mji wa Tanga. Ilikuwa miaka ile sukari ilipopatikana kwa kibali na sabuni ilipokatwa kwa uzi ili itoshe watu wanne. Vijana wengi tuliingia jeshini na cheti cha darasa la saba, na jeshi lilianza kutaka watu wa kidato cha nne. Njia ilikuwa moja, kusoma kwa posta. Chuo kilikuwa Dar es Salaam. Kilituma vijitabu, askari akajibu maswali, akatuma, akasubiri wiki sita kuambiwa kwamba amekosea. Afande Mwalimu aliona wiki sita ni nyingi mno. "Mtu akiambiwa kosa lake baada ya wiki sita," alisema, "anakuwa ameshalioa na wamezaa." Basi akaanzisha shule yake katikati ya njia. Majibu yalipita kwake kwanza, akayasahihisha, akakurudishia uyaandike upya, ndipo bahasha ikafungwa na kwenda Dar es Salaam.

Mimi alinikamata kwenye taipu. Nilikuwa praiveti, binti wa Muheza, mwenye kasi kuliko usahihi. Aliniletea stenseli, karatasi ya nta ya kurudufia, ya maswali ya jiografia, nikampigia, akairudisha na makosa saba yamezungushiwa.

"Umesoma hadi wapi?" akauliza.

"La saba, afande."

"Hapo ni walipokuachia. Nimeuliza umesoma hadi wapi."

Jioni ile nilikuta kijitabu cha kwanza cha hisabati juu ya taipu yangu, kimefunikwa kwa gazeti, na jina langu limeshaandikwa juu.

Wino mwekundu haukupatikana Tanga nzima. Alikwenda zahanati ya kambi akamwomba mganga ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda vya mdomo, akaichanganya na maji, akachovya kalamu ya zamani ya nibu. Karatasi zetu zilirudi zimechafuka zambarau, na vidole vyake vilikuwa hivyo siku zote, hata Idi. Kuruta mmoja mgeni aliniuliza kwa huruma yule mzee anaumwa nini. Nikamwambia anaumwa na insha zetu.

Hakuandika "vizuri" wala "vibaya" pembeni ya kazi. Aliandika kama anazungumza nawe. Kwangu aliwahi kuandika: "Jibu ni sawa ila njia siioni. Umepita wapi?" Kwa koplo mpishi, mtu mnene mwenye aibu ambaye insha zake zote ziliishia kwenye chakula, aliandika: "Nimesoma nikasikia njaa. Sasa rudi kwenye vita vya Majimaji." Akikasirika sana aliandika neno moja tu, "Njoo", na hilo tuliliogopa kuliko adhabu ya kuruka kichura. Ukienda hakukugombeza. Alikukalisha kwenye kreti la soda tupu, akakuuliza swali lilelile kwa namna nyingine, na nyingine tena, hadi ukachoka kutojua.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alipenda wakati kuliko bendera, kengele ya darasa ikigongwa saa kumi kamili alasiri hata mvua inyeshe, lakini chakula cha mchana alikula saa tisa kikiwa baridi, na mkewe alishaacha kumngoja. Alidharau watu wa majivuno, ila kwa Kiswahili chake alijivuna waziwazi. Alisahihisha matangazo ya ukutani. Alisahihisha barua ya uhamisho wake mwenyewe, akairudisha makao makuu ikiwa imekolea zambarau. Uhamisho haukusikika tena, na mpaka leo sijui kama walisahau au waliona haya.

Tena aliyekuwa haogopi mkuu yeyote aliogopa simu. Ilipolia ofisini alinyoosha shingo, akaniashiria mimi. Nikimlazimisha kushika, alipiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Wakati ule kikosi kilipeleka askari kwa zamu kulinda fukwe za upande wa Pangani, kwa ajili ya watu wa magendo. Walikaa miezi mitatu huko, kumi au kumi na mbili, wakiletewa unga na maharage kila wiki kwa lori la rasheni. Afande Mwalimu alishona mfuko wa turubai wenye mifuko midogo kumi na miwili ndani, kila mmoja na jina la askari, akaufanya sehemu ya rasheni. Dereva alisaini kuupokea kama anavyosaini mafuta ya kupikia. Lori likienda limebeba maswali, likirudi limebeba majibu. Redio kaseti nayo ilikwenda, na betri zake zikianza kulegea waliziweka juani zichangamke.

Kisha lori likaharibika. Kipuri kilitakiwa kutoka nje ya nchi, na nje ya nchi ilikuwa mbali sana miaka ile. Chakula kikawa kinapelekwa kwa kubahatisha, mara gari la mashamba ya mkonge, mara boti. Mfuko wa turubai haukuwa na mwenyewe. Wiki ya kwanza ilipita, na ya pili. Wiki ya tatu aliomba ruhusa ya siku nne, akaniambia anakwenda kumwona jamaa.

Habari niliipata kwa walinzi wa Ushongo, ufukwe ulio ng'ambo ya mto Pangani, waliporudi. Walimwona kwa mbali mtu anakuja kwa miguu ufukweni, kavaa sare, kabeba mfuko kichwani kama mama atokaye sokoni. Wakadhani ni ukaguzi wa kushtukiza. Walikimbilia mashati, wakapanga mstari, na mkubwa wao, koplo mmoja wa Korogwe, akapiga saluti mchanga ukaruka.

"Legeza," akasema Afande Mwalimu. Alikuwa amepanda basi hadi Pangani, akavuka mto kwa pantoni, na toka hapo ametembea. Akatua mfuko. "Nimefuata kazi ya jiografia."

Wakaleta mmoja mmoja. Askari mmoja hakuwa nayo. Akaanza kueleza habari za mvua, habari za zamu, habari za mguu wake. Afande Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akavua buti, akakaa chini, akasema, "Sina haraka. Basi ni keshokutwa." Yule askari aliifanya kazi yote mbele yake, maswali ishirini, wenzake wakiwaletea chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Leo ni mwalimu wa sekondari, na ananiambia bado hajui kama siku ile alifundishwa au alitekwa.

Nilipomwuliza habari za yule jamaa aliyekwenda kumwona, akasema, "Hajambo. Alikuwa nyuma kwa masomo mawili."

Shule yetu haikupendwa na wote. Alikuja mkuu mpya wa kikosi, meja mrefu asiyecheka, na mwezi wake wa kwanza akamkuta askari getini na karatasi ya aljebra ndani ya kofia. Akatuita wote kwenye gwaride.

"Nani aliyewaambia geti linalindwa kwa kitabu?"

Afande Mwalimu akatoka mstarini hatua moja. "Ni mwanafunzi wangu, afande. Kosa la kumfundisha kila kitu nikasahau kumfundisha hilo ni langu."

Meja akafunga darasa, na Afande Mwalimu, sajinitaji mwenye nywele zilizoanza mvi, akapewa ulinzi wa geti wiki nzima, mchana kutwa, kama kuruta. Tulidhani ataona fedheha. Alisimama pale kama mlingoti. Siku ya pili nilipita nikitoka posta, nikamnong'oneza kwamba bahasha za Dar es Salaam zimefika na kuna maswali sisi hatuyaelewi. Hakunitazama.

"Kitambulisho," akasema.

"Afande, ni mimi."

"Kitambulisho."

Nikatoa kitambulisho. Akakisoma chote, mbele na nyuma, akanirudishia. "Pita. Mlinzi hana wanafunzi."

Nilikasirika, nusura nilie. Sikujua kwamba meja alikuwa amesimama dirishani kwake akitazama. Wiki ilipoisha alimwita Afande Mwalimu ofisini, wakakaa humo robo saa. Darasa likafunguliwa Jumatatu, kwa sharti moja: kabla ya kushika kalamu kila mwanafunzi aonyeshe bunduki safi. Afande Mwalimu alilipenda sharti lile kiasi kwamba alilidumisha hata baada ya meja kuhama. Na yule askari wa kofia hakumfukuza. Alimpa kazi ya kukagua bunduki za wenzake.

Kisha mambo yakaanza kufunguka. Mitumba ikaingia mitaa ya Ngamiani mjini, sabuni ikajaa madukani, na madaftari yakauzwa hadi kwa wachuuzi wa machungwa. Ukaja pia waraka. Jeshi linapunguza watu, na mwenye cheo kuanzia sajini asiye na cheti cha kidato cha nne atastaafishwa. Ulitupa muda wa mtihani mmoja tu.

Niliandaa orodha ya watahiniwa wetu. Yalikuwa majina kumi na tisa. Nikahesabu tena, kisha nikampelekea.

"Afande, jina lako silioni."

"Kwa sababu halipo."

"Waraka unasema—"

"Waraka niliusoma kabla yako."

Alisahihisha kitu kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake, ingawa niliona haikuwa na kosa. Nikabaki nimesimama. Mwishowe akaweka kalamu.

"Mimi niliishia la nane la zamani," akasema. "Haya ninayowafundisha nayasoma siku moja kabla yenu. Nikifeli, nani hapa atanisikiliza tena?"

Kumbe miaka yote ile alikuwa ukurasa mmoja mbele yetu. Nilimwangalia vile vidole vya zambarau. Nilisema lililokuja.

"Sisi tunafeli majaribio yako kila Ijumaa, afande. Na Jumatatu unatusikiliza."

Nilirudi kwenye taipu, na bila ruhusa ya mtu nikaandika namba ishirini, jina lake kamili, nikamwekea mezani mahali pa kutia saini. Ningeweza kuadhibiwa kwa hilo. Aliisoma orodha yote. Akachovya nibu, akasahihisha herufi moja kwenye jina la babu yake nililokosea, akatia saini.

Aliomba kufanyia mtihani Muheza, tusimwone. Aliondoka asubuhi na nguo za kiraia, kofia ya kiua iliyodariziwa kaivuta hadi nyusi. Alipoingia kwenye chumba cha mtihani na kutafuta namba yake, kwenye dawati la jirani alikuwa amekaa koplo mpishi. Mpishi naye alikuwa ameomba Muheza kimyakimya, ili akishindwa Afande Mwalimu asimwone. Mpishi ndiye aliyenisimulia. Alisema walisalimiana kama watu waliokutana nyumbani kwa mganga, kila mmoja akijifanya amepita tu.

Matokeo yalikuja kwa bahasha moja. Alinikataza kuifungua, akaifungua mwenyewe, akasoma akisogeza mdomo. Kisha akachukua pini akaenda kuyabandika ubaoni yote, na yake yakiwemo. Kati ya ishirini, walifaulu kumi na sita. Yeye alikuwemo, kwa daraja la mwisho. Hisabati F. Kiswahili, kile alichojivunia, D.

Askari walisongamana kusoma ubao. Mpishi alikuwa na B ya Kiswahili.

"Afande," mpishi akasema kwa sauti ndogo, "ilikuwaje?"

"Swali la pili lilikuwa na kosa la sarufi. Nikalisahihisha. Kisha nikaona na la tatu. Nilipomaliza kuwasahihishia, muda wa kujibu ulikuwa umebaki kidogo."

Tulicheka mpaka wengine wakaketi chini, naye akacheka nasi, jambo nililoliona mara chache. Cheo chake kilibaki. Kati ya wale wanne walioshindwa, watatu walikuwa na vyeo vya chini, wakapewa nafasi ya kurudia. Wa nne, sajini wa karakana, alistaafishwa. Afande Mwalimu alimsindikiza hadi stendi amembebea begi, na aliporudi hakufundisha siku mbili. Hisabati aliirudia mwaka uliofuata, akifundishwa na yule askari wa kofia, aliyekuwa akimwandikia kwenye kazi zake: "Njoo."

Alistaafu kwa umri, akahamia Tongoni kwa nduguze. Mimi niliendelea. Nilifika kidato cha sita kwa njia ileile ya bahasha, nikaenda chuo cha maafisa, na baada ya miaka mingi nikarudi Tanga na nyota tatu begani kusimamia chumba cha kompyuta. Mafundi wa magari wa vikosi vya mbali walikuwa wanasoma kupitia humo, wakiwa hukohuko vikosini kwao. Maswali yalitumwa kwa njia ya simu, majibu yakarudi, kompyuta ikasahihisha yenyewe. Viongozi walipendezwa sana. Jambo lililochukua wiki sita sasa lilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Siku moja nikamkuta Afande Mwalimu kwenye benchi la ofisi ya utawala, amefuata karatasi fulani ya mafao. Alikuwa amekonda, kavaa miwani mikubwa, na vidole vyake vilikuwa safi. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, kisha akaona nyota akataka kusimama anipigie saluti, nikamshika mkono.

Nilimpeleka chumbani kwangu. Nikamwonyesha majibu yaliyoingia asubuhi ile.

"Huyu yuko wapi?" akauliza.

"Kigoma."

"Na ameshajua alipokosea?"

"Kabla hajainuka kitini."

Alitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyeonyeshwa mjukuu. Akataka kuona na wa Songea, na wa Mtwara. Halafu akaniuliza, "Walioshindwa wako wapi?"

Walikuwa ishirini na mmoja. Barua za kuwaondoa kwenye kozi nilikuwa nimeshazichapa, zinangoja saini yangu. Nilimfungulia orodha. Alivuta kiti, akasogeza uso karibu na kioo.

"'Kitu gani hupoza injini?'" akasoma. "Huyu kaandika 'maji ya rejeta'. Kapewa sifuri. Kakosa nini?"

"Kompyuta imewekewa neno 'maji', afande. Haijui zaidi ya ilichowekewa."

"Na wewe?"

Alikuwa ameuliza kwa upole kabisa. Nikavuta kiti cha pili nikakaa.

Tulianza na huyo wa rejeta. Tulipitia wote ishirini na mmoja, jibu kwa jibu, yeye akisoma kwa sauti na mimi nikiandika alama upya kwenye karatasi. Chai ililetwa ikapoa. Dereva aliyetakiwa kumrudisha Tongoni alichungulia mara mbili, akaamua kwenda kuosha gari. Kufikia saa kumi na moja jioni, tisa kati ya wale walikuwa wamefaulu, nami nikazitoa barua zao nikazichana mbele yake.

Kumi na wawili walibaki, na hao alikubali wameshindwa kweli. Jibu la mmoja tu lilimfanya asite. Fundi huyo aliandika kwamba injini hupozwa kwa kuegesha gari kivulini. Afande Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasoma tena.

"Huyu hajasema uongo," akasema. "Ila hajasoma. Barua yake mpe."

Nikaisaini. Nilipotaka kuikunja akaishika, akatazama nafasi tupu iliyobaki chini ya saini yangu.

"Mwandikie hapo kwa mkono," akasema. "Mwambie masomo mapya yanaanza lini, na kwamba tunamngoja."